Samaki hamwagwi kama mtama

Mwaka jana afisi moja ya umma, ambayo sina haja ya kuitaja, iliniomba niisaidie kutafsiri kijitabu cha kurasa 12 kuhusu ulezi wa samaki. Kazi ilikuwa ndogo na malipo yalikuwa madogo zaidi, lakini niliikubali kwa sababu mwanaisimu hapati kila siku fursa ya kuchungua msamiati wa watu wa maji. Nilifika ukurasa wa nane bila ya shida kubwa. Hapo nikakwama. Mwandishi alikuwa akieleza namna ya kuwatoa vifaranga wa samaki katika madimbwi walimolelewa na kuwatia mtoni, nami sikuwa na hakika ya kitenzi cha kutumia. Niliwapigia simu wahusika kuwauliza wao husemaje. Jibu lilikuja bila ya kusita: "Sisi tunasema kumwaga, Daktari. Tunamwaga vifaranga."

Nililiandika neno hilo, kijitabu kikachapishwa, nami nikaalikwa katika sherehe ya kuwamwaga vifaranga wenyewe kando ya mto mmoja unaoingia katika Ziwa Viktoria. Tangu siku hiyo kitenzi hicho kimenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Vifaranga wa siku ile walikuwa ningu. Waliletwa alfajiri katika mifuko ya plastiki yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, kama ilivyo desturi. Mgeni wa heshima alitarajiwa saa tatu asubuhi. Alifika saa sita na nusu. Muda huo wote mifuko ilikuwa imepangwa juani mbele ya hema, mahali ambapo wapiga picha wangeiona vyema. Kulikuwa na nyimbo, kulikuwa na hotuba, na kila aliyehutubu aliirudia idadi ya vifaranga kwa sauti ya juu kuliko aliyemtangulia. Hatimaye mgeni akakata mfuko wa kwanza kwa mkasi, akaugeuza, na vifaranga wakaporomoka mtoni kwa mkupuo mmoja. Makofi yakapigwa. Hakuna aliyeielekeza mifuko majini kwanza ili joto la maji ya ndani lilingane na la maji ya nje, ingawa ukurasa wa tisa wa kijitabu nilichokitafsiri kwa mkono wangu ulisema hivyo waziwazi. Yangeyange watatu na mdiria mmoja walikuwa wameshafika kabla ya sala ya kufungia.

Mzee mmoja mvuvi, aliyeketi kiti cha pili kutoka changu, alininong'oneza: "Mwalimu, hao wamepelekwa au wametupwa?"

"Mzee wangu, mimi ni mtu wa lugha," nikamjibu.

"Basi hilo ndilo swali la lugha," akasema, kisha akanyamaza.

Siandiki haya kumsuta mtu. Ninaandika kwa sababu swali la mzee yule, nililodhani kwanza kuwa ni kejeli tu, nimekuja kutambua kuwa ni swali la kisayansi ambalo mataifa yenye fedha nyingi kuliko yetu yamelishughulikia kwa zaidi ya nusu karne na bado hayajalimaliza. Niliwahi kukaa California, Marekani, kwa mwaka mmoja wa likizo ya utafiti. Nilikwenda huko kwa ajili ya sarufi, lakini kilichonivuta siku za Jumamosi kilikuwa ni samaki. Karibu na mji wa Sacramento kuna kituo cha kuzalisha samoni kilicho wazi kwa umma, nami mwezi wa Novemba ulipofika nilisimama pale nikiwatazama samaki wenye urefu wa mkono wa mtu mzima wakipanda ngazi za maji kurejea walikototolewa. Maswali niliyoyauliza pale ndiyo yaliyonirudia siku ya sherehe yetu.

Huenda msomaji amemjua samoni ndani ya mkebe tu. Maisha yake ni haya. Huanguliwa katika changarawe za mto wenye maji baridi, hukaa mtoni miezi kadhaa au hata mwaka, kisha huteremka baharini. Kabla ya kuingia baharini mwili wake hubadilika: ngozi hugeuka rangi ya fedha, na matamvua na figo hujiandaa kupambana na chumvi. Baada ya miaka miwili, mitatu, au zaidi akila na kunenepa baharini, hurejea katika mto ule ule aliotokea, aghalabu katika kijito kile kile. Huko hutaga, na samoni wengi wa Bahari ya Pasifiki hufa hapo hapo baada ya kutaga.

Huijuaje njia? Kwa pua. Mwaka wa 1951 Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin na mwanafunzi wake Warren Wisby walitoa hoja kwamba kila kijito kina harufu yake, inayotokana na udongo na mimea ya mahali pake, na kwamba kifaranga huikariri harufu hiyo kabla ya kusafiri. Katika miaka ya 1970 Hasler na wenzake walilithibitisha jambo hilo kwa njia ambayo mimi huiona kuwa miongoni mwa majaribio ya kupendeza kabisa. Waliwalea vifaranga wa samoni katika maji yaliyotiwa chembe za kemikali iitwayo mofolini, ambayo haipatikani katika mito ya kawaida. Waliwaachilia katika Ziwa Michigan. Samaki walipokomaa, wataalamu wakadondosha mofolini katika mto mmoja ambao samaki wale hawakuwahi kuuona, nao wakauingia.

Sisi wanaisimu tunakifahamu kipindi cha namna hii. Mtoto huipata lugha yake ya kwanza katika miaka ya mwanzo bila ya kufundishwa darasani. Mlango huo ukishaanza kufungwa, kujifunza lugha nyingine huwa ni kazi ya jasho, na lafudhi ya kwanza haimtoki mtu. Samoni naye ana mlango wake, ila wake hufunguka kwa muda mfupi zaidi, na anachokikariri si kijito kimoja tu. Anapoteremka huendelea kunusa kila njia panda ya maji, hii baada ya ile, ili atakaporudi aisome orodha hiyo kuanzia mwisho hadi mwanzo. Sasa mchukue kifaranga huyo, mtie katika lori la tangi, umsafirishe kilomita mia kadhaa barabarani, umwachilie karibu na bahari. Umemwokoa na hatari za mto, ni kweli. Umemnyima pia sura zote za katikati ya kitabu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea katika mto Sacramento. Bwawa kubwa la Shasta, lililokamilika mwaka wa 1945, liliwafungia samoni njia ya kwenda katika mazalio yao ya juu. Ili kulipa fidia ya hasara hiyo, serikali ya Marekani ilikuwa imejenga kituo cha Coleman mwaka wa 1942, kandokando ya kijito kiitwacho Battle Creek. Vituo vingine vikafuata katika mito mingine ya bonde lile, hata ikawa kwamba katika mwaka wa kawaida huachiliwa takriban vifaranga milioni 30. Lakini kutoka Coleman hadi Ghuba ya San Francisco ni safari ya zaidi ya kilomita 400, na mto wenyewe si ule wa zamani. Maji yake huvutwa na mashamba pande zote mbili. Ndani yake mna samaki wala samaki walioletwa kutoka pwani ya mashariki tangu mwaka wa 1879. Mwaka wa ukame maji hupungua, hupata joto, na vifaranga wengi mno hufa njiani. Ndipo malori yalipoingia.

Malori huokoa. Ni lazima tuseme hivyo, maana baadhi ya wapenzi wa mazingira hupenda kuyasema vibaya kana kwamba yalibuniwa na shetani. Katika miaka mikavu kifaranga aliyefikishwa ghubani kwa lori ana nafasi kubwa zaidi ya kukua na kuvuliwa baharini kuliko yule aliyeachwa aogelee mwenyewe. Wavuvi wa baharini wanalijua hilo na huwashikilia wakuu wao wasilegeze kamba.

Lakini gharama hulipwa miaka mitatu baadaye. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019, uliozipitia kumbukumbu za takriban miongo minane za bonde lile, uligundua kwamba kadiri vifaranga wanavyosafirishwa mbali ndivyo wanavyozidi kupotea njia wakati wa kurudi. Kwa samaki walioachiliwa kituoni penyewe, wastani wa waliopotea ulikuwa kati ya asilimia 0 na 9, kutegemea kituo. Kwa walioachiliwa ghubani, ulikuwa kati ya asilimia 7 na 89. Hebu msomaji aitafakari hiyo 89. Ni sawa na shule ya bweni ambapo, shule ikifungwa, karibu watoto tisa katika kila kumi wanabisha hodi katika nyumba zisizo zao.

Kupotea huko si kioja tu. Samaki aliyepotea hutaga katika mto wa wenyewe, akachanganya mbegu ya kituo na mbegu ya mto ambao kizazi baada ya kizazi umewachuja samaki wake kulingana na maji yake. Na mto aliotoka unabaki mtupu. Katika ukame wa mwaka wa 2014 kituo cha Coleman kiliwapakia malorini mamilioni ya vifaranga ambao kwa kawaida kingewaachilia mlangoni pake, na mwaka uliofuata kikafanya vivyo hivyo. Ilipofika mwaka wa 2017, wakati wa wengi wao kurejea, kituo kilipungukiwa na samaki wa kutoa mayai hata kikashindwa kutimiza kiwango chake. Walikuwa wameokolewa, lakini nyumbani hawakukujua.

Kwa hiyo mbinu ya kuachilia si jambo dogo la wafanyakazi wa mwisho wa mstari, watu wa mabuti na ndoo. Ndiyo inayoamua samaki huyo atakuwa wa nani.

Kuna na suala la mahali na saa. Hapo mwanzo malori yalikuwa yakifika ghubani, bomba linafunguliwa, na vifaranga wanamiminika wakiwa wamelewa kwa safari, maji yao ya baridi yakikutana ghafla na maji ya chumvi. Shakwe, minandi na samaki wakubwa hawakuchukua muda kulijua bomba lile na saa zake. Wahenga wetu walikwishaliona jambo hili bila ya kwenda California: penye kuku wengi usimwage mtama. Wataalamu wakalazimika kubadili. Sasa vifaranga huteremshwa kwanza katika vizimba vya nyavu vinavyoelea, wakatulia humo kwa saa kadhaa wakiyazoea maji, kizimba kikavutwa kwa mashua mbali na ufuo, kisha mlango ukafunguliwa maji yanapokupwa ili mkondo uwasaidie kutoka. Mahali hubadilishwa, saa hubadilishwa, na mara nyingine kazi hufanywa usiku ndege wakiwa wamelala. Ni samaki wale wale, lori lile lile. Kilichobadilika ni nusu siku ya subira.

Katika mto Columbia, kaskazini zaidi, wamejaribu njia nyingine. Vifaranga wanaotoka katika mto Snake hukabiliwa na mabwawa makubwa manane kabla ya kuiona bahari. Tangu miaka ya 1970 wahandisi wa jeshi la Marekani wamekuwa wakiwakusanya wengi wao na kuwapakia katika matishari yanayoteremka mto, na maji ya mto huo yakipitishwa ndani ya tishari ili vifaranga waendelee kunusa njia. Ukiliona tishari lile utasema tatizo limekwisha, maana karibu wote hushushwa wakiwa hai. Hata hivyo, wanaporudi wakiwa wakubwa, waliobebwa hupotea njia zaidi kuliko walioogelea, na wapo pia wanaokufa baada ya kushushwa kwa madhara ya safari ambayo siku ya kushushwa hayakuonekana. Mhesabuji aliyesimama gatini angeandika kuwa kazi imefana.

Na wakati mwingine kosa si la chombo bali la sehemu. Tarehe 26 Februari 2024, katika mto Klamath kaskazini mwa California, wakuu wa samaki wa jimbo hilo waliachilia takriban vifaranga 830,000 kutoka kituo kipya katika kijito cha Fall Creek. Afya ya vifaranga ilikuwa njema na maji yalikuwa mazuri. Lakini chini yao lilikuwapo bado bwawa la Iron Gate, lililokuwa likisubiri kubomolewa mwaka ule ule, na njia pekee ya kupita ilikuwa handaki lililo chini yake. Mgandamizo wa maji mle ndani uliwatia ugonjwa wa viputo vya gesi katika damu, wakafa kwa wingi. Wakuu hawakungoja gazeti liwafichue. Walitangaza wenyewe idadi, chanzo na mahali, na wakasema kwamba vifaranga wengine wangepelekwa chini ya bwawa hadi litakapoondolewa. Bwawa liliondolewa, na mwezi wa Oktoba 2024 samoni wakubwa walionekana juu ya mahali lilipokuwa.

Kuna kisa kingine cha mwaka huo huo ambacho siwezi kukiacha. Tarehe 29 Machi 2024, katika jimbo la Oregon, lori lililokuwa limebeba takriban vifaranga 102,000 wa samoni lilipinduka penye kona, likaserereka kwa ubavu hadi kando ya kijito kiitwacho Lookingglass. Dereva alipata majeraha madogo. Vifaranga wapatao 77,000 waliponyoka wakaingia kijitoni, na wengine 25,529 wakahesabiwa wakiwa wamekufa. Naomba msomaji aizingatie hesabu hiyo: 25,529, hadi yule wa mwisho. Na hawakuishia hapo. Walikadiria kwamba wale 77,000 walioingia katika kijito kisichokuwa chao watarejea humo wakiwa samaki wazima kati ya 350 na 700, na kwamba mto Imnaha, ulikokuwa ukielekea msafara ule, utapungukiwa na samaki wazima kati ya 500 na 900 katika miaka ya 2026 na 2027.

Kati ya 350 na 700 kutoka kwa 77,000! Hawafiki hata mmoja katika kila mia. Mtu anayejua hivyo hawezi tena kupanda jukwaani akajisifu kwa idadi ya aliowamwaga. Idadi hiyo ni kama idadi ya mbegu alizotupa mkulima. Jirani anataka kujua magunia.

Wamarekani wenyewe wameonja uchungu wa kutegemea mbegu. Licha ya mamilioni yote hayo, uvuvi wa biashara wa samoni katika bahari ya California ulifungwa mwaka wa 2008 na 2009, ukafungwa tena 2023, 2024 na 2025. Sababu ni nyingi, zikiwemo ukame na hali mbaya ya bahari, lakini wachunguzi wameeleza pia kwamba vifaranga wa ukubwa mmoja, walioachiliwa mahali pamoja katika majuma yale yale, huifikia bahari kwa pamoja. Bahari ikiwa na njaa juma hilo, wote wameingia njaani. Mto wa asili haukuwa na ujinga huo. Ulikuwa ukiwatoa wanawe kidogo kidogo, wengine mapema, wengine baadaye, wengine wadogo, wengine wakubwa.

Najua nitaulizwa: samoni anatuhusu nini sisi? Ningu si samoni. Haendi baharini, na maji yetu si ya barafu. Kweli kabisa. Lakini ningu naye ni msafiri. Huishi ziwani, na masika yanapoijaza mito hupanda Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu na Kuja, akaenda kutaga katika nyasi zilizofurikiwa kandokando ya maji. Ni safari hiyo iliyomponza. Alikuwa miongoni mwa samaki walioheshimiwa sana katika mito ya ziwa letu, hadi nyavu za kutega zilipowekwa katika midomo ya mito na kuwazuia majike waliojaa mayai wasipande. Kufikia miaka ya 1950 na 1960 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka, na hadi leo amewekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka. Mzee aliyeninong'oneza siku ile alinieleza baadaye kwamba babake alikuwa akiwasikia ningu usiku, wakichapa mikia katika maji haba ya kingoni. Yeye mwenyewe hajawahi kuwasikia.

Kwa mintarafu ya samaki wa namna hiyo, maswali ya mto Sacramento ni maswali yetu hasa. Vifaranga wanaotiwa Sondu-Miriu wamezaliwa na wazazi waliotoka mto upi? Walilelewa katika maji ya mto watakaoingia, au katika maji ya kisima kilomita 100 kutoka hapo? Wana umri gani, na wamewahi kukimbia chochote katika maisha yao? Kifaranga wa kuku humwona mama akiinamisha shingo mwewe anapopita, naye akajifunza. Kifaranga wa dimbwini hakuwahi kuona kivuli kilichomaanisha jambo jingine ila chakula. Kivuli cha mlishaji kikianguka majini yeye hupanda juu. Mtoe huyo saa sita na nusu mchana mbele ya yangeyange, uone atakavyokwenda kumlaki.

Kuna wakosoaji wenye hoja nzito zaidi. Husema kwamba kuachilia vifaranga ni kujidanganya maadamu nyavu bado ziko midomoni mwa mito na uchafu wa miji bado unaingia majini. Nakubaliana nao kwa robo tatu. Kifaranga hawezi kuziba pengo la sheria isiyotekelezwa. Lakini robo iliyobaki ni hii: samaki aliyekwisha katika mto hawezi kurudi kwa sababu tu wavu umeondolewa. Lazima awepo wa kupanda. Kwa hiyo vituo vya kuzalisha vitaendelea, na fedha za umma zitaendelea kutumika humo, na ndiyo maana nadai zitumike mpaka mwisho wa kazi, si mpaka mwisho wa hotuba.

Ninachokidai si kikubwa. Vizimba tunavyo, ziwa letu sasa limejaa vizimba vya kulelea sato. Kimoja kikiwekwa mtoni penye mkondo wa polepole, vifaranga wakakaa humo siku mbili tatu wakinusa maji yao mapya, kisha mlango ukaachwa wazi usiku, gharama yake haitafikia bei ya mahema ya siku moja. Wamwagwe kwa mafungu, katika sehemu na majuma mbalimbali, badala ya wote kwa siku moja ya mgeni. Na zaidi ya yote, watiwe alama. Katika bonde la Sacramento tangu mwaka wa 2007 angalau robo ya vifaranga wa samoni wa msimu mkuu hukatwa pezi dogo la mgongoni na kutiwa kipande cha waya chenye nambari, kidogo kuliko punje ya mchele. Ndiyo sababu wanaweza kusema kwa yakini ni fungu gani lililorudi na lipi lililoangamia. Katika sherehe niliyoihudhuria hakutiwa alama hata samaki mmoja. Mvuvi akimnasa ningu mtoni mwaka huu, hakuna atakayejua kama ni wa mfuko uliokatwa na mgeni wa heshima au ni mjukuu wa wale aliowasikia babake mzee.

Narudi katika kitenzi, kwa kuwa ndicho kilichonileta. Katika sentensi "tumemwaga samaki", samaki ni yambwa, kitu kinachotendwa, sawa na maji machafu au mtama. Mwagaji akishamaliza, tendo limekwisha. Kitenzi hakimdai aangalie nyuma. Katika "tumewafungulia samaki", kuna mlango, kuna subira, na kuna mtu anayetarajiwa kutoka mwenyewe. Baadhi ya vituo vya Marekani hufanya hivyo hasa: huondoa kizuizi cha dimbwi kando ya mto na kumwacha kila kifaranga aondoke siku anayojiona yuko tayari, kwa siku au majuma. Sarufi hiyo samaki ni kiima. Sidai kwamba neno peke yake linaua samaki, wanafunzi wangu wangenicheka. Nasema tu kwamba pale mtoni sikuona mtu yeyote aliyefanya kinyume cha neno alilokuwa akilitumia.

Kijitabu kitachapishwa tena mwaka huu. Nimewaandikia wahusika nikiomba ukurasa wa nane urekebishwe, "kumwaga" pawekwe "kufungulia", na maelezo ya ukurasa wa tisa kuhusu joto la maji yaandikwe kwa herufi nzito. Nimejibiwa kwa adabu kwamba pendekezo langu limepokewa, lakini kwa sasa haliwezekani, kwa kuwa mabango ya sherehe ijayo yameshachapishwa na yamelibeba neno lile lile. Nimealikwa tena. Mifuko itafika alfajiri, na mgeni wa heshima anatarajiwa saa tatu.